Nauli sio siti: dogo ana one ya 6 na anaitaka Muhimbili

Jumapili ya wiki iliyopita, saa kumi jioni, niko zangu uani nafua, simu inaita namba siijui. Nikaacha ikakata, ikaita tena. Napokea tu nasikia mtu anahema kama katoka mchakamchaka: "Dada shikamoo, ni mimi, nimeazimwa simu nina dakika tano tu, eti matokeo yametoka?"

Ni mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Kamaliza form six Mei na sasa hivi yuko JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, kambini simu hawana, kwa hiyo ukoo mzima unajua matokeo yake yeye bado. Nikamwambia marahaba, yametoka, una one ya 6, yaani divisheni one kwa pointi 6. Fizikia C, kemia B, baiolojia A. Kimya. Nikadhani imekatika. Sijui alikuwa analia au anacheka, mpaka leo sijajua, alafu akakohoa akauliza kitu kimoja tu, hakuuliza mama anaendeleaje wala nini: "Sasa dada, Muhimbili naingia?"

Anamaanisha chuo cha udaktari cha Muhimbili. Nikasema ngoja niangalie. Hiyo ngoja niangalie imenila wiki nzima na mabando mawili.

Maana fomu za kuomba chuo nimeachiwa mimi. Kwetu mimi ndio "msomi mwenye laptopu", na mtoto yuko porini anapiga kwata, na dirisha la kwanza la maombi halimsubiri mtu amalize kwata. Kwa hiyo swali lake limekuwa langu.

Tuanze na hesabu zenyewe maana hata hizo zilileta ugomvi nyumbani. Kuna pointi za aina mbili na zinakwenda kinyume. NECTA, baraza la mitihani, kwao A ni 1, B ni 2, C ni 3, unateremka hivyo mpaka F ambayo ni 7, wanajumlisha masomo matatu ya kombi, kwa hiyo mwenye A tatu ana one ya 3 na juu ya hapo hakuna kitu, na divisheni one inaishia kwenye 9. Vyuo vikuu wanageuza: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu, F hewa. Mwenye A tatu hapo ana 15. Dogo huku ana 6 kule ana 12, mtoto yuleyule, karatasi ileile. Sasa baba mdogo yuko Kahama, jirani yake mwalimu kamwambia mtoto ana 12, mimi nilishamwambia 6, akanipigia usiku kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. "Mwanangu, hizi nyingine sita zimeenda wapi?"

Nikaeleza, akaelewa, tena akaelewa kupita kiasi. Maana yule mwalimu alishamwambia pia kwamba kigezo cha chini cha kuomba udaktari ni kufaulu fizikia, kemia na baiolojia kwa jumla ya pointi 6. Baba mdogo ni mtu wa biashara, anauza spea za pikipiki, hesabu hazimpigi chenga. "Si wanataka sita? Yeye ana kumi na mbili, mara mbili ya wanachotaka. Nani atamzuia?"

Hapo ndipo wazazi wengi wanapoangukia, na mimi mwenyewe niliangukia hapohapo miaka kumi iliyopita, nitafika huko. Nikamuuliza, baba, ulivyokuwa unakaa Mbagala enzi zile ulikuwa unapanda daladala asubuhi? Akasema wee acha tu. Nikamwambia basi kigezo ni nauli. Nauli unayo mkononi, chenji kamili, hakuna konda atakayekukatalia, lakini siti ni thelathini na kituoni mko mia mbili na wote nauli wanayo, na kuna vijana wenye miguu mirefu wanaingilia dirishani gari haijasimama. Kuwa na nauli mara mbili hakukupi siti. Akacheka, akasema kweli, na TCU, ile tume ya vyuo vikuu, nao eti wanaita dirisha, dirisha la kwanza dirisha la pili, walijua wanachokisema.

Kwa hiyo swali sio dogo ana ngapi. Swali ni nani wengine wako kituoni.

Na hilo unaweza kulitafuta kidogo kama una muda na roho ngumu. NECTA siku hizi hawatangazi tena wanafunzi bora wala shule bora, waliacha Januari 2023, lakini matokeo ya kila shule yako wazi kwenye tovuti yao, hayana majina, ni namba ya mtahiniwa, jinsia, jumla ya pointi, divisheni na masomo moja moja. Nikachukua daftari nikaanza kuingia shule moja baada ya nyingine. Kibaha, Ilboru, Mzumbe, Tabora Boys, Kilakala, Msalato, Kisimiri kule juu Meru, Feza, Marian. Kila nikiona mtu wa PCB, fizikia kemia baiolojia kama dogo, mwenye pointi pungufu ya 6 za dogo naweka kamstari, ya tano inakata nne kama tulivyofundishwa darasa la pili. Nilianza saa mbili usiku na chai. Ukurasa wa daftari ukajaa kabla sijamaliza shule ya nne. Kuna shule unashuka nayo na kidole, one ya 3, one ya 4, one ya 3, one ya 5, one ya 3, unatafuta hata mtu mmoja aliyeteleza umuonee huruma humuoni.

Na hizo ni shule ambazo najua majina. Form six nzima siku hizi wanakaa watahiniwa zaidi ya laki moja, PCB ni kombi kubwa, na karibu kila aliyesoma PCB ukimuuliza darasani unataka kuwa nani anakujibu daktari hata kama damu anaiogopa. Kwa upande wa pili chukua kitabu cha mwongozo cha TCU, kile cha wanaotoka form six, kipo bure mtandaoni, kila kozi imeandikwa kigezo chake na idadi ya nafasi. Watu wanasoma safu ya kigezo wanafunga. Safu ya nafasi iko palepale pembeni. Kwa MD, yaani shahada ya udaktari, pale Muhimbili unazungumzia mamia kidogo, sio maelfu.

Saa sita usiku nikafunga daftari. Nikawa na hasira na mtoto ambaye hajanikosea kitu.

Asubuhi yake nikatulia nikaona kuhesabu kwangu kuna matundu. Kwanza sio kila mwenye one ya 3 anaomba MD, wengine wanataka famasia, wengine meno, wengine wanapata Samia Scholarship, ule ufadhili wa serikali, wanakwenda uhandisi au kompyuta, wengine wanatoka nje ya nchi kabisa. Pili, wale vinara wanaomba vyuo vitano na wanachaguliwa vyote vitano, lakini mtu mmoja anakalia kiti kimoja, lazima athibitishe chuo kimoja, anapothibitisha zile nne nyingine zinaachiwa, ndio dirisha la pili linakuwa na uhai. Ila watu wanathibitisha wapi? Muhimbili. Wanaachia wapi? Kwingine. Kwa hiyo ule upepo wa dirisha la pili unavuma Dodoma, Mbeya, Moshi, Mwanza, Upanga iliko Muhimbili hauvumi sana.

Tatu, kuna watu kwenye foleni hiyohiyo ambao kwenye kurasa nilizohesabu hawaonekani kabisa. Matabibu wenye diploma, wameshafanya kazi wodini miaka, wana njia yao ya kuingilia na wao wanataka MD vilevile. Na wapo waliomaliza mwaka jana wakakosa wakakaa nyumbani wanasubiri.

Nne, na hii ndio inayoniuma kwa dogo, C ya fizikia. C ni 60 mpaka 69. Kama alikuwa na 69 alikosa B kwa alama moja, sijui na yeye hatajua, NECTA wanaonyesha herufi tu. Na A yake ya baiolojia inaweza kuwa 80 au 97, kwenye karatasi ni A, imelala palepale na A ya mtu mwingine.

Mama yangu alikuwa ananisikiliza nikiongea peke yangu akasema wewe unamfanyia mtoto wa watu hesabu za mazishi. Sio hivyo. Mimi nafanya hivi kwa sababu kwangu hakuna aliyefanya.

Nilimaliza form six 2015. Sisi ndio wale wa GPA, wanaotukumbuka watacheka, kwa muda mfupi tu divisheni ilifutwa tukapewa distinction, merit, credit, na kukawa na kitu kinaitwa B+, A ikaanzia 75, alafu 2016 wakarudisha divisheni kama hakujatokea kitu. Mpaka leo nikienda kwenye usaili mtu anauliza divisheni yako ilikuwa ngapi nabaki natoa somo la historia. Wakati ule maombi yalikuwa bado yanapita kwa TCU wenyewe, ule mfumo wa pamoja, unajaza machaguo yako kwa mpangilio alafu mfumo unakupangia sehemu moja, basi. Kuomba moja kwa moja chuoni kumeanza 2017.

Mimi nilijaza MD Muhimbili. Chini yake MD. Chini yake MD. Chini tena MD. Ilikuwa intaneti kafee ya stendi, jero kwa nusu saa, foleni nyuma yangu, na ile sehemu ya mwisho ikabaki wazi. Kijana wa kafee akaniambia dada jaza usiache wazi, nikauliza nijaze nini, akasema chochote, hiyo ya mwisho haina kazi. Nikashuka na kipanya nikabonyeza kozi ya ufugaji wa samaki. Nilibonyeza kwa sababu ilikuwa karibu na mshale. Naapa.

Wiki zile za kusubiri nilikuwa napiga hesabu za Muhimbili tu. Nina nafasi ngapi, rafiki yangu kapata nini, dada yake fulani aliingia na nini mwaka juzi. Nikiulizwa na watu mtaani nasema nasubiri Muhimbili. Sikuwahi hata siku moja kuwaza lile chaguo la mwisho, nilishalisahau, ukiniuliza jina la kozi nisingekumbuka.

Wewe unajua kilichotokea.

Sasa naishi Mwanza, kazi yangu ni vizimba vya sato ziwani. Nanunua vifaranga, napima uzito, nagombana na bei ya chakula cha samaki, nikisikia radi usiku nashtuka kuliko mama mwenye mtoto mchanga. Naipenda hii kazi, naipenda sana na ilinilea. Lakini sikuichagua mimi, ilichaguliwa na mshale wa kipanya na mtu aliyekuwa anawaza foleni yake. Ingeweza kuwa kozi ambayo ningeichukia maisha yangu yote, na mwenzangu mmoja wa bweni ilimkuta hiyo hasa, aliacha mwaka wa pili.

Ndio maana nikiona vijana mitandaoni wanaulizana "nina one ya 5 nitapata?" "nina one ya 7 wanachukua?" na wenzao wanajibu utapata mkuu, kosa wewe nani apate, mimi napata baridi. Watu elfu wanapima chaguo la juu. La chini kabisa hakuna anayeliuliza, na kwa hesabu za kawaida tu, kama kila mtu anaweka kozi ileile juu na nafasi ni chache, wengi wenu mtaishia huko chini.

Basi nikarudi kwenye fomu za dogo na kichwa kingine. Nikaandika makadirio yangu, ni ya kwangu, msiyabebe. Udaktari Muhimbili: mbili kwa kumi, labda. Udaktari vyuo vingine vya umma, UDOM ya Dodoma, au ile ndaki ya chuo kikuu cha Dar, UDSM, iliyoko Mbeya: nne kwa kumi. Udaktari Bugando au KCMC au Kairuki: nikaandika sita nikafuta nikaandika saba, alafu nikakaa nikaitazama hiyo saba.

Maana hiyo saba ina bei. Ada ya udaktari vyuo visivyo vya serikali ni milioni kadhaa kwa mwaka, miaka mitano, alafu mwaka wa mafunzo kazini. Mkopo upo ndio, na dirisha la Bodi ya Mikopo linakuwa wazi msimu huuhuu wa maombi, cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA, wale wa vizazi na vifo, unajaza kila kitu OLAMS, mfumo wa Bodi wa mtandaoni, lakini mkopo unaweza usifunike ada yote, na hiyo inayobaki inatoka kwenye spea za pikipiki Kahama. Nikampigia baba mdogo, shikamoo, nikamuuliza wazi, ukiambiwa milioni mbili kila Oktoba kwa miaka mitano unaweza? Akanyamaza muda mrefu. Akasema, "Nitauza kiwanja." Nikasema kiwanja ni mwaka mmoja baba. Akasema mwaka mmoja ni mwaka mmoja. Sasa hapo utaandika nini kwenye daftari. Kuchaguliwa ni saba kwa kumi, kumaliza ni suala lingine kabisa na hakuna kitabu chenye safu yake.

Akaleta na habari za China. Kuna mtu dukani kamwachia namba, anapeleka vijana kusoma udaktari nje kwa bei poa. Nikamwambia asitoe hata mia kabla sijaangalia kama hicho chuo TCU na baraza la madaktari wanakitambua, na kama mtu hataki kukutajia jina la chuo mpaka ulipe basi huyo sio wakala. Tukaishia hapo, hilo nitaliandikia siku nyingine, lina mambo.

Kuna kitu lazima nikiri. Nilikuwa namlaumu dogo kimoyomoyo kwamba anataka jina tu. Muhimbili ni jina kweli, shule ya udaktari pale imeanza 1963, kizazi cha kwanza cha madaktari waliofundishwa nchi hii kimetokea pale, na ukisema mtaani mtoto wangu yuko Muhimbili hata anayekudai anakupisha njia. Lakini mama yake mdogo akanikumbusha. Dogo akiwa darasa la nne bibi alipewa rufaa Muhimbili, wakapanda basi kutoka Kahama, bibi amelazwa siti mbili, dogo walimchukua kwa sababu hakukuwa na wa kumwachia. Alikaa kwenye ngazi za wodi wiki tatu. Bibi alirudi anatembea, na yuko hai mpaka leo anatusumbua. Kwa hiyo yeye hatafuti jina, anarudi kwenye zile ngazi. Baada ya hapo nikaacha kuiita ndoto. Nikaiweka MD ya Muhimbili chaguo la kwanza bila kulalamika, mbili kwa kumi ni mbili kwa kumi, watu wanaingia kwa hizo mbili kila mwaka.

Ila hayo mengine ya chini nikagoma kuyajaza mwenyewe. Nikasema sitamfanya nilichofanywa na yule kijana wa kafee. Nikasubiri Jumapili.

(Wakati nasubiri, jambo dogo kwa mliopewa kazi kama yangu: kwenye fomu ya mtoto aliyeko JKT usiweke namba ya simu yake. Simu iko kabatini nyumbani imezimwa. Akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja zile tarakimu za kuthibitisha zinakuja kwa meseji na siku za kuthibitisha zinahesabika, zikipita zimepita. Weka namba ya mtu aliye macho. Mimi niliweka yangu na nimeitoa simu kwenye ukimya kwa mara ya kwanza tangu 2019.)

Jumapili hii kapiga saa kumi na moja kasoro. Sauti imekauka, anasema wamelima. Nikamwambia sikiliza, hatuna muda, Muhimbili nimeweka juu, usiniulize unaingia au huingii kwa sababu nimehesabu mpaka macho yamevimba na jibu ni mbili kwa kumi. Akasema mbili? Nikasema mbili. Akasema sawa dada. Hakulia wala nini, nadhani huko kambini wameshamfundisha kupokea.

Nikamwambia MD nyingine nimeziweka, na baba anauza kiwanja ikibidi, hiyo tutaongea. Sasa nakuuliza la mwisho kabisa. Tuseme udaktari haupo. Haujawahi kuwepo duniani, hakuna mtu anaitwa daktari. Wewe ungesoma nini?

Nasikia upepo tu na mtu mwingine nyuma anasema haraka bwana wengine tunasubiri. Nikawa naangalia sekunde kwenye kioo cha simu. Nikataka nimsaidie, nimtajie famasia, uuguzi, nikajizuia kwa kung'ata kidole kabisa.

"Maabara," akasema.

"Maabara ipi?"

"Za hospitali. Mi dada nilipenda zile praktiko kuliko kitu chochote. Kuangalia kwenye hadubini. Teacha alikuwa anatufukuza jioni nabaki peke yangu." Alafu akasema kitu kimeniacha nimeshika simu imeshakatika: "Hujawahi kuniuliza. Hakuna mtu aliwahi kuniuliza hiyo."

Muhimbili wana shahada ya sayansi ya maabara ya tiba. Ipo kwenye kitabu, nimeipita mara kumi wiki hii nikitafuta MD. Ngazi zilezile, jengo lingine.

Nimerudi kwenye laptopu, mtandao unazunguka, ile namba ya malipo inakataa kutoka, nimejaribu mara tatu. Kwenye orodha yetu ya kipi athibitishe akichaguliwa kote, maabara niiweke chini ya MD za kule ambako ada hatuiwezi au juu yake, hapo ndipo nimekwama na ndipo mtakaponisaidia kama kuna mtu kapitia. Baba mdogo anasema chini. Mimi mkono unataka kuiweka juu, ila mkono wangu na fomu za chuo tuna historia, kwa hiyo nimeacha wazi mpaka Jumapili ijayo apige mwenyewe aseme.